Kabla Hujanunua Laptopu Nyingine

Mpwa wangu, hizo fedha usizipeleke Kariakoo kwanza. Nimesikia unataka laptopu mpya kwa kuwa hii uliyo nayo inaganda, na kwamba ukiiwasha asubuhi unapata muda wa kunywa chai hadi kikombe kiishe. Iwashe, isubiri itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Tazama safu iliyoandikwa Disk. Ikikaa kwenye asilimia 100 na wewe hujafungua chochote, kinachokutesa ni diski, na diski inabadilishwa kwa kuwekwa SSD. Inayojaa ikiwa ni Memory, hilo ni suala la RAM, na SSD peke yake haitakusaidia sana.

Ndani ya diski yako mna visahani vinavyozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokimbia juu yake kutafuta data. Kila mara mkono huo unapohama, zinapita milisekunde kumi na kitu. Ukizisikia ni chache, lakini Windows ikiwaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, kama mteja anayemtuma mwenye duka stoo kwa chumvi, akirudi anamtuma tena kwa kiberiti. Utaratibu huo wa visahani ni wa tangu 1956, IBM ilipotoa diski yenye ukubwa wa kabati iliyohifadhi kama megabaiti 5. Picha moja au mbili za simu yako zingeijaza. SSD haina kinachozunguka. Inatumia chipu za flashi, aina ya kumbukumbu iliyobuniwa na Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba miaka ya 1980, na hujibu kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde.

Ndiyo maana muuzaji asikuyumbishe kwa namba kubwa. Atakwambia hii ya SATA inasoma megabaiti 550 kwa sekunde, ile ya NVMe 3,500. Ni kweli, ila kwa mtu anayeandika tasnifu na kufungua kurasa za intaneti, tofauti ya hizo mbili ni ndogo. Unafuu mkubwa unaupata pale unapoachana na visahani. La muhimu ni ipi inayoingia kwenye mashine yako. Laptopu nyingi za umri wa yako huchukua SATA ya inchi 2.5. Nyingine zina tundu la M.2, na hapo kuna mtego: M.2 ya SATA na ya NVMe hufanana sana, na inaweza kuingia vizuri tundu likakataa kuisoma. Andika modeli ya laptopu, tafuta mwongozo wake, ndipo ulipe. GB 256 zinakutosha; ukiwa na cha kuongeza, chukua 500.

Ukiona SSD ya terabaiti 2 kwa bei ya kutupa, pita. Ndani ya baadhi ya hizo mna kadi ndogo ya memori iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Inapokea mafaili yako kwa adabu zote, kisha inayafuta yale ya mwanzo kimyakimya. Programu ya H2testw huijaza diski yote na kuisoma upya. SSD utakayonunua ifanyie hivyo siku ileile, risiti ikiwa bado mfukoni.

Sasa lile ninalolijali kuliko kasi. Bisibisi isiguse skrubu hata moja kabla tasnifu yako na picha za marehemu bibi hazijawa na nakala mahali pengine. Diski ikianza kulia tik-tik, usihangaike kuinakili nzima: okoa yale usiyoweza kuyapata tena, kisha izime. Kama Windows yako imefungwa kwa BitLocker, tafuta ufunguo wake mapema. Wengine huhamisha diski nzima kwa Clonezilla na kebo ya USB, nao hawakosei. Mimi napenda kusimika mfumo upya, maana takataka za miaka yote hiyo hazina haja ya kuhamia nyumba mpya. Leseni ya Windows mara nyingi imefungamana na ubao mama, hivyo hutaombwa kununua nyingine. Ila Windows 10 iliacha kuhudumiwa Oktoba 14, 2025. Mashine ikikataa Windows 11, mfumo wa Linux Mint utaandika tasnifu bila manung'uniko.

Ukimpa fundi kazi hiyo, hakikisha amezima mashine na kuchomoa betri kabla ya kugusa chochote, na diski ya zamani udai urudishiwe. Kufuta mafaili hakuyaondoi. Mtu mwenye programu ya bure anayarudisha. Kama diski hiyo bado ni nzima, inunulie kasha la USB uifanye ya nakala, na usiache kuitumia kila wiki, kwa sababu SSD nyingi hufa ghafla, bila hata ile tik-tik ya kukuonya.