Asiyekuwapo na Lake Halipo: Deni la Santuri Inayorudi Sokoni

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hii ina picha nzuri ndani yake: mchezaji yuko uwanjani, wanaomtazama ni jamaa na majirani, na aliyefurahishwa anainuka kumtuza hapo hapo. Lakini methali inachukulia kwamba mchezaji, mtazamaji na tuzo viko mahali pamoja. Je, inakuwaje mtu anapocheza kwao, sauti yake ikanaswa, ikavushwa bahari na kuchezwa na watu asiowajua katika kumbi ambazo hatazikanyaga? Na ikiwa miaka kumi au hamsini baadaye mtu mwingine anaichukua sauti ile ile, anaisafisha na kuiuza mara ya pili, je, deni lililokuwapo limekufa au limezaliwa upya?

Insha hii inajaribu kulijibu swali hilo la mwisho. Hoja yangu ni kwamba anayetoa upya kazi ya zamani anabeba wajibu mzito kuliko aliyeitoa mara ya kwanza, na kwamba sehemu ya kwanza ya wajibu huo ni jina, kisha fedha. Nina sababu yangu mwenyewe ya kuliuliza swali hili. Nitaieleza kabla sijamaliza, kwa kuwa si haki kuwahukumu watu wa Paris na London nikawa nimejiacha mwenyewe.

Tuanze na mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1967 Wafaransa wawili, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walirekodi muziki katika vijiji vya Burundi, na rekodi hizo zikatolewa kwenye santuri na Ocora, chapa iliyokuwa chini ya redio ya taifa ya Ufaransa. Tuukumbuke wakati wenyewe. Ufalme ulikuwa umefutwa Novemba 1966. Katika Kirundi neno ingoma lina maana ya chombo kinachopigwa, na lina maana ya utawala wenyewe. Kwa hiyo vinasa sauti vilifika wakati ngoma ingali inalia lakini utawala uliobeba jina lake umekwisha kuondoka. Waliopiga walikuwa wakiendeleza kazi iliyopokewa kutoka kwa baba na babu, kazi ambayo kitovu chake kimoja kinachojulikana ni Gishora, karibu na Gitega.

Mwaka 1971 mtayarishaji wa muziki wa Paris, Michel Bernholc, aliichukua rekodi ya ngoma hizo, akaongeza kinanda na gitaa juu yake, akaitoa kama santuri ya dansi iitwayo Burundi Black. Jina la msanii lililowekwa lilikuwa la kubuni: Burundi Steiphenson Black. Santuri ile ikaingia katika chati ya mauzo ya Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada aliitumia rekodi ya ngoma za Burundi chini ya wimbo wake The Jungle Line, akaipigia sinthesaiza. Kufikia 1980 bendi za London kama Adam and the Ants, na baadaye Bow Wow Wow, zilikuwa zimejenga mtindo wao juu ya mdundo huo, na waandishi wa muziki wakauita mdundo wa Burundi. Kisha mwaka 1981 Burundi Black ikarudi sokoni: Rusty Egan, dijei na mpiga drum wa London, pamoja na mtayarishaji Jean-Philippe Iliesco, waliichanganya upya kwa ajili ya kumbi za dansi.

Hapo ndipo ninapoomba tusimame. Katika safari hiyo yote, wapigaji wako wapi? Wapo masikioni mwa kila mtu, lakini kwenye lebo wamegeuzwa kuwa neno moja: Burundi. Jina la nchi limewekwa mahali pa majina ya watu. Ni kana kwamba mtu akanunua samaki kwa mvuvi wa Rumonge, akaulizwa ameuziwa na nani, akajibu, "Na ziwa."

Sasa, aliyetoa mara ya kwanza anaweza kujitetea. Anaweza kusema alikuwa na haraka, hakujua kama wimbo utapendwa, desturi ya wakati ule ilikuwa hivyo. Utetezi huo ni dhaifu, lakini upo. Anayetoa upya hana hata huo. Kutoa upya ni tendo la mtu aliyetulia. Ameishika santuri ya zamani mkononi, ameisoma lebo, amejua kwamba kazi hii ina thamani, maana asingeirudia. Ameamua nini kisafishwe, nini kikatwe, picha gani iwekwe kwenye jalada. Kila kilichoandikwa kwenye jalada jipya kimeandikwa kwa hiari, na kila kilichoachwa kimeachwa kwa hiari. Kosa la kwanza linaweza kuwa la kutokujua. La pili ni chaguo. Ndiyo maana ninasema deni halizeeki pamoja na santuri. Kila toleo jipya hulitia sahihi upya.

Isidhaniwe kwamba ninadai lisilowezekana. Upo mfano wa kinyume. Mwaka 1985 Hailu Mergia, mpiga kinanda kutoka Ethiopia aliyekuwa akiishi Marekani, alirekodi kaseti ya akodiani, kinanda cha umeme, sinthesaiza na mashine ya ngoma. Miaka ikapita, akawa dereva wa teksi mjini Washington. Kaseti hiyo ilikutwa Ethiopia na Mmarekani Brian Shimkovitz, mwenye chapa ya Awesome Tapes from Africa. Aliona jina, akamtafuta mwenye jina, akampigia simu. Mwaka 2013 kaseti ikatolewa upya, kwenye santuri pia, na Mergia akarudi jukwaani akiwa hai, anaulizwa maswali na kuyajibu mwenyewe. Tofauti kati ya hadithi hii na ile ya Burundi Black inaanzia kwenye jambo dogo kabisa: kaseti ilikuwa na jina juu yake. Bila jina, simu ingepigwa kwa nani?

Hapo ndipo ninapoona kwa nini jina linatangulia fedha. Watu wengi tukisikia dhuluma katika muziki tunafikiria mrabaha tu. Mrabaha ni haki, siupuuzi. Lakini fedha hutumwa kwa mtu, na mtu hutafutwa kwa jina. Anayefuta jina amekata njia ambayo malipo yangepitia, iwe leo au baada ya miaka arubaini. Wazee wetu walilisema kwa ufupi: asiyekuwapo na lake halipo. Kwa kawaida tunaitumia methali hiyo kumcheka aliyekosa kikao. Mimi naisikia kama onyo kwa waliohudhuria: mkigawana, kumbukeni kwamba kutokuwapo kwake mnaweza kukutengeneza ninyi wenyewe.

Wapo watakaonipinga kwa hoja mbili, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba ngoma ya Burundi haina mtunzi. Ni mali ya wote, na kudai majina ni kuwavisha wazee wetu vazi la kigeni la mwandishi mmoja na hakimiliki yake. Ni kweli kwamba ngoma hii haipigwi na mtu mmoja. Lakini itazameni inavyopigwa. Ipo inkiranya, ngoma ya katikati inayoongoza. Yapo amashako, yanayoshika mdundo usiokatika. Yapo ibishikizo, yanayoifuata inkiranya. Kila mpigaji ana mahali pake, na anayetoka mbele kucheza na kupiga inkiranya anaonekana na kila mtu na anajulikana ni mtoto wa nani. Hata mti unaochongwa una jina lake, umuvugangoma, mti unaoifanya ngoma iseme. Utamaduni unaoutaja mpaka mti hauwezi kuwa utamaduni usiojali majina ya watu. Kitu kuwa cha wengi hakukifanyi kuwa cha hakuna.

Hoja ya pili ni kwamba santuri zile zilitufaidia. Bila mdundo wa Burundi kuvuma London, huenda wapigaji wetu wasingealikwa kupiga kwenye tamasha la kwanza la WOMAD nchini Uingereza mwaka 1982, na dunia isingewafahamu upesi hivyo. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma yetu ya kifalme katika orodha ya urithi wa binadamu. Sikatai kwamba sifa ni faida. Lakini sifa ya nchi haimlipi mtu aliyefutwa, kama vile jua kuchomoza Rumonge hakumlipi mvuvi aliyeibiwa wavu usiku. Faida iliyokuja baadaye haiwezi kugeuka ruhusa ya jambo lililotendwa kabla yake.

Hata hivyo nakubali kwamba kulinda kuna hatari yake. Mwaka 2017 ilitolewa amri nchini kwetu inayotaka vikundi vya ngoma viandikishwe na inayokataza wanawake kuipiga. Kitu kikipata mwenyewe kinaweza pia kupata kufuli. Ndiyo maana sidai kila anayetaka kucheza mdundo wa zamani aombe kibali kwanza. Muziki umevuka Ziwa Tanganyika tangu zamani bila kibali. Rumba ilitufikia kwa mashua kutoka Uvira na Kalemie, taarabu ikaja kwa njia ya Kigoma, nasi tukazigeuza tulivyopenda. Ninachodai ni kwamba anayechukua aseme amechukua kwa nani.

Sasa nifike kwangu. Likizo moja nilifanya kazi katika kibanda cha kujaza nyimbo kwenye simu na flash, karibu na soko la Rumonge. Rafiki yangu alikuwa na kompyuta. Tulipata kaseti ya zamani ya wanawake wakiimba harusini, sauti safi, makofi na ngoma ndogo. Tuliiingiza kwenye kompyuta, tukaitia mdundo wa mashine chini yake, tukaipa jina "Harusi Mix 4". Iliuzika sana. Vijana waliipenda kwa sababu ya mdundo, na wazee kwa sababu ya sauti.

Siku moja mama mmoja muuza ndagala alisimama mbele ya kibanda na beseni lake kichwani. Wimbo ulikuwa unalia. Hakusema neno mpaka ulipokwisha. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, huyu anayeongoza unamjua?" Nikamwambia simjui. Akamtaja. Alikuwa mama yake mzazi, aliyefariki ukimbizini Tanzania wakati wa vita. Hakuwa na picha yake, sembuse sauti.

Nilijua atadai fedha, nikaanza kuhesabu kichwani ni kiasi gani tungeweza kumpa. Yeye akauliza, "Umeandika nini hapo?" Nikamsomea: Harusi Mix 4. Akanyamaza kidogo. Nikajitetea kwamba wimbo umekwisha kuingia kwenye simu za watu wengi, siwezi kuwafuata wote. Akajibu, "Za jana sikuulizi. Utakazouza kesho, ziandike."

Sijasoma mahali popote hoja yangu ikielezwa vizuri kuliko hivyo. Mama yule hakunihukumu kwa kutokujua. Alinihukumu kuanzia dakika niliyojua. Jioni ile nilibadilisha jina la wimbo. Simu ndogo huonyesha herufi chache tu za mwanzo, kwa hiyo nililiweka jina la mwimbaji mbele na neno harusi nyuma. Mwezi ulipokwisha tulimpelekea sehemu ya mapato. Alizipokea, akashukuru, lakini alichoomba kwanza ni nimjazie wimbo ule kwenye simu ya mwanawe, bila mdundo wetu. Jina lenyewe silitaji hapa. Aliniruhusu kuliandika kwenye wimbo. Kulitia katika insha sikumwomba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ninapoisoma habari ya Burundi Black siisomi tena kama mtoto wa walioibiwa peke yake. Naisoma pia kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha Bernholc, kwenye kibanda cha mabati, akiwa na furaha ya kuona nyimbo zinauzika. Najua jinsi ilivyo rahisi. Hakuna aliyepanga ubaya, na mwanamke mmoja akawa amefutwa.

Wapo ambao bado watazitoa upya santuri za ngoma zetu, na sitaki waache, kwa kuwa sauti iliyofungiwa kabatini haimfaidii mtu. Wazitoe. Lakini kabla ya kuchapa jalada, waje mpaka vilimani na mwambao huu wa ziwa, waisikilizishe rekodi kwa wazee waliobaki, waulize ni nani anayepiga inkiranya. Huenda wakajibiwa, huenda wasijibiwe. Wakikosa jibu, waandike kwenye jalada kwamba waliuliza na majina hayakupatikana. Hata hilo litamwambia msikilizaji kwamba nyuma ya mdundo walikuwapo watu, na kwamba nafasi yao bado iko wazi.