Mtindo Unapopita, Humpita Nani?

Ni desturi yetu kuutaja muziki wa mtindo kama povu la wimbi, jambo lisilostahili fikra za mtu mzima. Kabla ya kukubali, twaomba msomaji aitazame disko ya Marekani. Ilizaliwa mapema miaka ya 1970 katika kumbi za New York, miongoni mwa watu weusi, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wapenzi wa jinsia moja, yaani wale waliokuwa hawana pengine pa kucheza bila kubughudhiwa. Filamu ya Saturday Night Fever ya mwaka 1977 ikaitia sokoni, na wenye mali wakaikamua hata ikachosha.

Usiku wa tarehe 12 Julai 1979, katika kiwanja cha Comiskey Park mjini Chicago, sanduku kubwa la sahani za santuri za disko lililipuliwa kwa baruti kati ya michezo miwili ya besiboli. Aliyeleta sahani aliingia kwa senti 98. Umati ukavamia kiwanja, na mchezo wa pili haukuchezwa.

Je, waliuchoka muziki, au waliwachoka watu? Hatudai kuijua mioyo yao wote. Hata hivyo Vince Lawrence, kijana mweusi aliyehudumu kiwanjani usiku ule, ameeleza kwamba baadhi ya sahani zilizoletwa hazikuwa za disko kabisa, bali za wanamuziki weusi tu. Hapo ndipo tunaposita. Mnunuzi ana haki ya kuichoka bidhaa. Lakini kwa walioizaa ngoma ile, haikuwa bidhaa. Lawrence mwenyewe alishiriki kutunga "On and On" ya Jesse Saunders, mwaka 1984, miongoni mwa sahani za kwanza za muziki wa hausi, uliochipuka kutokana na disko katika jiji lilo hilo.