Skrubu ya Kuguswa Mwisho

Kabureta iliyofumuliwa, ikasafishwa na kurudishwa kwenye injini ya Land Rover ya miaka ya 1970 au Peugeot 504, huwa na skrubu mbili ndogo zinazouita mkono. Moja hupandisha au kushusha sailensi, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Nyingine hupima mchanganyiko wa petroli na hewa katika mwendo huohuo wa chini. Kwa kuwa zote zinafikiwa kwa bisibisi tu, na injini huitika papo hapo, ndizo huguswa kwanza. Mimi naamini zinastahili kuguswa mwisho, na sababu yake haiishii kwenye chuma. Tabia ya kurekebisha kinachoitika upesi na kukiacha kilichoharibika inatugharimu sana, gereji na hata majumbani na maofisini mwetu.

Tazama ushahidi wa injini yenyewe. Gari linalotetemeka na kuzima kwenye sailensi laweza kuwa na platini zilizoungua, tapeti zilizobana, gasketi inayovuta upepo, au boya lililokaa juu mno hadi petroli ikafurika. Laweza pia kuwa na mhimili wa kipepeo uliolika, na hewa ikapenya pembeni; tatizo hilo haliondolewi na paketi ya gasketi, sindano na viwambo vipya, hata kabureta ing'ae namna gani. Sasa ongeza petroli kwa skrubu ya mchanganyiko: injini inayovuta upepo hutulia, na mwenye gari hufurahi. Lakini utulivu huo ni wa mkopo. Skrubu ile hutawala njia ya mwendo mdogo peke yake. Gari likishika kasi, petroli nyingi hupita kwenye jeti kuu, ambako skrubu haina la kufanya. Ndiyo maana gari lililonguruma vizuri getini hukosa nguvu kwenye mlima wa kwanza, na fundi hulaumiwa kwa kosa ambalo hakulitafuta. Anayetaka kulitafuta huanza na tapeti, kisha platini, kwa kuwa mwanya wa platini ukibadilika taiming nayo huhama. Hupanga taiming, huhakikisha hakuna upepo unaoingia kwa wizi, huiacha injini ipate joto lake na choki ifunguke kabisa. Hapo ndipo skrubu ya mchanganyiko hukazwa polepole mpaka iguse, bila kukandamizwa maana ncha yake huumia, kisha hufunguliwa kama mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo hutafutwa, kidogo kidogo, pale injini inapokwenda kasi na laini kuliko pengine pote. Sailensi hushushwa, na kazi hurudiwa.

Wapo watakaosema fundi wa siku nyingi hahitaji mlolongo huu, sikio lake linamtosha. Sikio la fundi naliheshimu kwa dhati, maana ni kipimo kilichojengwa kwa miaka. Hata hivyo sikio husikia jumla; halitenganishi petroli iliyopungua na cheche iliyochelewa. Mwenye sikio zuri kweli hufungua plagi baada ya gari kutembea na kuzisoma: kahawia hafifu ni heri, masizi meusi ni petroli iliyozidi, weupe ni petroli iliyopungua.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Fundi hulipwa kwa gari lililowaka, hakuna anayemlipa kwa saa alizotumia kuchunguza, na mteja amesimama pembeni akiuliza kama bado. Hili siwezi kulipuuza, na sioni haki kumtupia fundi lawama yote. Sisi wateja ndio tuliomfundisha njia ya mkato kwa kulipia kelele iliyotulia. Lakini nafuu hiyo hairudi mfukoni kwetu: petroli iliyozidi huosha oili kwenye kuta za silinda, huizimua iliyomo ndani ya injini, na ringi hulika kabla ya wakati. Kununua kabureta mpya nako hakusaidii kama upepo unaingia kwenye manifoldi.

Kuna hoja moja ya kiakili inayonivutia. Ikiwa kipimo sahihi hubadilika, kwa nini kukihangaikia? Ni kweli hubadilika. Gari lililosetiwa Dar es Salaam likipanda hadi Mbeya, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, hukuta hewa nyepesi kwa takriban asilimia 15, ilhali tundu la jeti ni lilelile. Mchanganyiko huzidi petroli, na moshi mweusi huonekana. Hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kupanga mambo kwa utaratibu wake. Injini ambayo tapeti, platini na taiming zake zinajulikana ikianza kusumbua Mbeya, fundi anajua ni mwinuko: hupunguza petroli ya sailensi kidogo, na gari likihamia huko moja kwa moja huweka jeti kuu yenye tundu dogo zaidi. Akiwa ameandika skrubu ilikuwa mizunguko mingapi, ataweza kuirudisha gari likishuka pwani. Lakini kwa injini iliyotulizwa kwa kubahatisha hana namna ya kujua kama kinachoisumbua ni mlima au ni ile gasketi iliyoachwa Dar es Salaam.