Daftari la Kijana Mwenye Kisukari

Leo twataka kuliangalia swali moja lionekanalo kuwa dogo, lakini uhai wa mtu umo ndani yake. Kijana mwenye ugonjwa wa kisukari akiandika uongo katika daftari lake la vipimo, yampasa mwuguzi kufanya nini?

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa zamani. Mtoto aliyepatwa na kisukari kile ambacho mwili hauwezi tena kujitengenezea insulini, hakuwa na tumaini. Alipunguziwa chakula, akakonda, kisha akafa. Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto, nchi ya Kanada, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alidungwa insulini, wa kwanza kutibiwa kwayo kwa ugonjwa huo. Dawa ile ya kwanza haikumfaa sana. Lakini ile iliyosafishwa vema zaidi, aliyopewa siku 12 baadaye, ilimwinua, akaishi hata mwaka 1935. Tangu hapo ugonjwa huu umekuwa kazi ya kila siku: kupima damu, kuandika, kuangalia chakula, kujidunga sindano. Nayo ni kazi isiyo na sikukuu.

Sasa kazi hii amepewa kijana wa miaka 15, asiyetaka kuonekana tofauti na wenzake. Siku nyingine huchoka, akaacha sindano; kisha, kwa kuogopa kukaripiwa, huandika namba nzuri asizozipima. Lakini kiko kipimo kingine cha damu kionyeshacho hali ya sukari kwa miezi 2 au 3 iliyopita, nacho hufunua yaliyofichwa.

Wako wasemao, “Na akaripiwe, apate kuogopa.” Sisi twaona sivyo. Daftari likigeuzwa kuwa baraza la hukumu, kijana atazidi kuficha, na hatari itazidi. Maana daktari akidhani kwamba kijana hujidunga dawa yote, huenda akamwongezea kipimo. Na siku kijana atakapojidunga kiasi hicho chote, sukari yaweza kushuka mno, akatetemeka, akatoka jasho, hata akazimia. Hivyo mwuguzi anayemtisha kijana aweza kumpoteza, ijapokuwa nia yake ni njema.

Tena si kila namba mbaya ni kosa. Wakati wa kubalehe mwili wenyewe huipinga insulini, sukari ikapanda ijapokuwa kijana ametii yote. Asiyeambiwa hayo hujihesabu kuwa mwovu, akakata tamaa.

Je, basi mwuguzi anyamaze? Hasha. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1993 huko Marekani na Kanada, ambao vijana tangu miaka 13 walikuwamo, ulithibitisha ya kuwa kuitunza sukari vema hupunguza madhara ya macho, figo na mishipa ya fahamu. Kijana ana haki ya kuambiwa hayo waziwazi. Lakini asiulize, “Mbona umekosa?” Aulize, “Jambo gani limekuwa gumu kwako?” Labda kijana aona haya kujidunga shuleni, watafute pamoja naye mahali pa faragha. Labda nyumbani hakuna barafu wala friji. Aonyeshwe jinsi mtungi wa udongo, ukilowanishwa maji na kuwekwa kivulini, uwezavyo kuihifadhi dawa isiharibiwe na joto. Tena apewe nafasi ya kusema peke yake, kisha wazazi waitwe, wala wasimwachie mzigo wote ghafula kwa kuwa amekuwa mrefu kama wao.

Twadai kweli kwa kijana. Basi na sisi tuifanye kweli iwe rahisi kusemwa. Namba mbaya iliyoandikwa kwa uaminifu yafaa kuliko nzuri ya uongo, kwa kuwa hiyo mbaya yaweza kutibiwa. Mwuguzi aionapo, na aseme kwanza, “Ahsante, mwanangu, kwa kuniambia.” Halafu waanze kazi.