Ngoja Nife Kwanza

Wanangu, neno hili la watoto na magemu ya mtandaoni nimelisema barazani, nimelisema harusini, hata msibani nimelisema, mpaka koo limenikauka. Leo nalirudia kwa sababu ya jambo lililotokea Ijumaa iliyopita hapa nyumbani kwangu, Ngamiani, Tanga.

Nilikuwa napakua wali na samaki wa kupaka. Mkeka umeshatandikwa, na mjukuu wangu wa miaka saba yuko pembeni ya kabati na simu ya mama yake. Nikamwita aje anawe mikono. Akanijibu bila kuinua uso: "Bibi, ngoja nife kwanza, nakuja."

Nilisimama na upawa mkononi. Mama yake akacheka, akanieleza kwamba ndivyo wasemavyo watoto wote siku hizi. Maana yake, yule mtu wake wa kwenye gemu auawe kwanza, ndipo aache. Sawa, nimeelewa. Lakini kufa kwenyewe kulichukua dakika ishirini, wali ukapoa, na alipokufa akaanza upya.

Nikaenda kuketi nyuma yake, nitazame. Vidole vinakimbia kwenye kioo, kope hazipepesi. Mara ikatoka simuni sauti ya mwanamume mzima: "Dogo, unakaa wapi wewe?" Mtoto akajibu, "Tanga." "Tanga sehemu gani?" Hapo nikanyoosha mkono nikaichukua simu. Alilia kama aliyemwagiwa maji ya moto. Mama yake alikuja mbio kutoka jikoni, na alipoambiwa alinyamaza kimya. Alidhani siku zote hizo mwanawe anacheza peke yake.

Sikumgombeza. Wengi wenu mnadhani hivyo hivyo. Mtoto ametulia, hatoki barabarani, bodaboda haitamgonga, basi yuko salama. Gemu la mtandaoni ni uwanja, wanangu, na kwenye uwanja huo, wa miaka 7 na wa miaka 40 wanaingia kwa mlango mmoja. Huyo wa 40 akiamua kuandika kwamba ana miaka 9, hakuna wa kumkagua meno. Desemba 2022 tume ya biashara ya serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kampuni ya Epic Games, wenye gemu la Fortnite, italipa dola milioni 520. Lawama moja ilikuwa kwamba mazungumzo ya sauti na ya maandishi yaliachwa wazi tangu mwanzo, watoto wakawa wanakutanishwa na watu wasiowajua. Lawama ya pili ni vitufe vilivyopangwa kwa namna ya kumfanya mchezaji anunue asichokusudia. Huko Marekani mzazi ana tume ya kumsemea. Wewe ambaye salio limeondoka kwenye simu kwa sababu mtoto kanunua almasi za gemu, utamshitaki nani?

Sikatazi mchezo. Nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi, najua kwamba mtoto asiyecheza ni wa kupelekwa hospitali. Nasi tulicheza kombolela, rede, ukuti, mdako, tukachubuka magoti. Lakini adhana ya magharibi ikilia, mchezo umekwisha. Mpira wa makaratasi ukifumuka, umekwisha. Ukimwonea mwenzako, mzee yeyote aliyeketi barazani alikuwa na haki ya kukukemea, na jioni habari ilifika nyumbani kabla yako.

Gemu la mtandaoni halina magharibi. Kila mtoto anavyozidi kukaa, ndivyo waliolitengeneza wanavyopata, kwa hiyo wameziba njia za kutokea: leo kuna zawadi, usipoingia kesho unaipoteza, ukitoka katikati, wenzako wanashindwa na wanakutukana. Halisimami ukaenda kula, kwa sababu walio upande wa pili hawasimami. Mtu mwenye ndevu zake linamshinda. Wachina, mwaka 2021, waliamua kwamba aliye chini ya miaka 18 acheze mtandaoni saa mbili hadi saa tatu usiku tu, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Sisemi tuwafuate katika kila kitu, ila taifa kubwa namna ile halikujisumbua bure. Shirika la Afya Duniani nalo lilisema mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na ikipungua ni bora zaidi. Nyumba ngapi mtaani petu zinatimiza hilo?

Mtaniambia, "Mama, dunia ya sasa ndiyo hiyo, ukimnyima atabaki nyuma." Mwanangu, kusoma na kuhesabu kwenye kompyuta hakuhitaji mgeni wa kumuuliza anakaa wapi. Mwekee mchezo usiotaka intaneti, wa kupanga maumbo au wa drafti, mcheze pamoja kwa muda mliopatana. Akifika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, mkae mzungumze upya. Chini ya hapo, mtandaoni na watu asiowajua, jibu langu ni hapana, na sitalibadilisha kwa machozi.

Najua mnachoka. Mnatoka sokoni au kazini jua limezama, miguu inawaka, na simu ndiyo yaya pekee asiyedai mshahara. Nami nimelea watoto wanne kwa uchovu huo huo, sitawahukumu. Ninachoomba ni kidogo. Kesho, kabla hujampa hiyo simu, keti karibu naye umuulize anacheza na nani. Akikutajia jina la mtu usiyemjua, izime, umtoe uani kwa wenzake, hata kama atalia mpaka magharibi.