Hakimu wa Kesi Yake Mwenyewe

Je, mtu aweza kuwa hakimu wa kesi yake? Pikoboli, mchezo wa vibao na mpira wa plastiki wenye matundu uliobuniwa Marekani mwaka 1965, hukubali, kwa sharti. Mechi nyingi hazina refa. Kila upande huamua kama mpira ulioangukia kwake umetoka nje. Mwenye shaka lazima auhesabu umeingia, hata kama mpinzani atapata pointi ya 11 na kushinda. Wengine huuita ukarimu. Mimi naona ni haki: aliyepiga yuko ng'ambo ya wavu na uamuzi si wake, hivyo shaka yangu ndiyo wakili wake. Kinachonisumbua ni mchezaji ambaye macho yake yamekwisha kuona anachotamani. Huyo hana shaka yoyote, na kanuni haimfikii.