Mtetemo wa Usukani na Swali la Sababu

Pikapu kuukuu ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi la mbele likaingia kwenye kijishimo cha lami, usukani unaweza kuanza kurushwa kushoto na kulia kwa nguvu ambayo mikono ya dereva haiizuii. Dashibodi inagonga, mzigo unaruka nyuma, abiria anashika mlango. Mtetemo hautulii mpaka mwendo ushuke sana, na ukishatulia gari linaendelea na safari kana kwamba halina kasoro yoyote. Wenye Toyota Hilux za zamani zenye ekseli nzima mbele wanalijua jambo hili. Wenye pikapu za Land Cruiser za mfululizo wa 70 wanalijua pia.

Gari likifikishwa gereji, linaloulizwa ni moja tu: nini kinasababisha? Jibu mara nyingi hutolewa kabla jeki haijaingizwa chini. Fundi anasema ni dampa ya stering, ile shokapu ya kulala iliyofungwa kwenye vyuma vya usukani ili kupunguza mshtuko. Inanunuliwa mpya, inafungwa, gari linajaribiwa barabarani na halitetemeki. Mwenye gari analipa kwa moyo mkunjufu. Miezi inapita, mtetemo unarudi, na dampa bado nzima.

Je, dampa ilikuwa sababu? Wanafalsafa wamelihangaikia swali la namna hii kwa karne nyingi, na walichokigundua kina faida kwa mtu aliyelala chini ya gari.

John Stuart Mill, Mwingereza aliyechapisha kitabu chake cha mantiki mwaka 1843, aliweka kanuni inayofuatwa hadi leo katika maabara. Chukua hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Ikiwa tukio linaonekana katika hali ya kwanza na halionekani katika ya pili, basi kile kimoja kilichotofautiana ndicho sababu, au ni sehemu ya sababu. Kwa kanuni hii fundi wa dampa anaonekana ameshinda: gari ni lile lile, barabara ni ile ile, kilichobadilika ni dampa peke yake. Lakini Mill huyo huyo aliandika pia kwamba sababu kamili ya jambo ni jumla ya masharti yake yote, na kwamba watu huchagua sharti moja na kulipa jina la sababu kwa kuwa ndilo lililo karibu na macho yao. Nusu ya kwanza ya mafundisho yake inafuatwa sana gereji. Nusu ya pili ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo yenye uzito zaidi hapa.

Masharti hayo yanaweza kuhesabika. Tairi la 7.50R16, linalovaliwa na pikapu nyingi za kazi, lina mzingo wa karibu mita 2.5. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa gari linakwenda mita 25 kila sekunde, hivyo gurudumu linazunguka mara 10 kwa sekunde. Likiwa halijabalansiwa, gramu 50 zilizozidi kwenye ukingo wa rimu zinalivuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 4 hivi, na nguvu hiyo inabadili uelekeo mfululizo, juu, mbele, chini, nyuma, mara 10 kila sekunde. Mwendo ukipungua kwa nusu, nguvu hiyo hubaki robo. Upande wa pili kuna springi, bushi na tairodi (fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele), ambazo kwa pamoja zina mdundo wake wa asili. Misukumo ya tairi ikiangukia mdundo huo, mtetemo unakua wenyewe, kama bembea inayosukumwa kila mara inaporudi. Ndiyo maana mtetemo huweza kuanza kwenye 80 na usianze kwenye 100.

Ekseli nzima inaongeza lake. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, ekseli yote inainama, na gurudumu linalozunguka kwa kasi likiinamishwa hujigeuza upande. Kujigeuza huko kunavuta tairodi, tairodi inaligeuza gurudumu la kulia, ekseli inainama upande wa pili, na mzunguko unaanza upya. Mwaka 1934, General Motors ya Marekani ilipoanza kuuza magari ambayo kila gurudumu la mbele linapanda na kushuka peke yake, mtetemo huu ulikuwa miongoni mwa matatizo ambayo wahandisi walitaka kuyamaliza. Hawakuhangaika na kipuri kimoja kibovu. Waliondoa ekseli yenyewe, sharti lililokuwa likiunganisha magurudumu mawili katika ugonjwa mmoja.

Mwanafalsafa J. L. Mackie, katika makala yake ya mwaka 1965, alitumia mfano wa nyumba iliyoungua. Wataalamu wanasema hitilafu ya umeme ndiyo sababu. Lakini hitilafu hiyo peke yake isingeunguza kitu kama pasingekuwa na vitu vya kuwaka karibu, wala moto usingeshika kama kifaa cha kuuzima kingekuwepo. Na nyumba ingeweza kuungua kwa njia nyingine kabisa, kwa jiko la mafuta lililopinduka kwa mfano. Kwa Mackie, tunachokiita sababu ni sehemu ya lazima ya fungu la masharti, na fungu hilo likikamilika linatosha kuleta tukio, ijapokuwa yapo mafungu mengine ambayo yangeweza kulileta vilevile. Pikapu inayotetemeka inaueleza mfano huo vizuri kuliko nyumba. Tairi lisilobalansiwa, beringi za kingpini (pini ambazo gurudumu hugeukia kushoto na kulia) zilizolegea, tairodi iliyokwisha na dampa iliyochoka: kila kimoja peke yake huenda kisitoshe. Vikikutana, kijishimo kimoja kinatosha.

Basi fundi afanyeje, ikiwa masharti ni mengi na yote yamejificha? Jibu lipo katika jaribio la dakika chache. Gari linainuliwa kwa jeki na kuwekewa stendi. Mkono mmoja unalishika tairi juu, mwingine chini, kisha linasukumwa na kuvutwa. Tok. Kuna kilicholegea, ila mkono hauwezi kusema ni kipi, kwa sababu beringi za gurudumu na beringi za kingpini hutoa mlio huo huo. Hapo mtu wa pili anaingia ndani, anakanyaga breki na kuishikilia. Breki imelifunga gurudumu na kile kiungo kinachogeuka nalo, kwa hiyo beringi za gurudumu hazina tena nafasi ya kucheza. Tairi linasukumwa mara ya pili. Mlio ukitoweka, ulegevu ulikuwa kwenye beringi za gurudumu. Ukibaki, utafutwe kwenye kingpini. Hakuna spea iliyonunuliwa, hakuna nati iliyofunguliwa, na kanuni ya Mill imetumika ipasavyo: jambo moja tu limebadilishwa, tena jambo lililochaguliwa kwa kuwa linatenganisha majibu mawili.

Kuna jaribio jingine la aina hiyo. Magurudumu ya mbele yanahamishiwa nyuma. Mtetemo ukitoka kwenye usukani na kuanza kusikika kwenye kiti, tairi au rimu ndiyo ya kulaumiwa. Ukibaki ulipokuwa, shida iko kwenye vyuma.

Wasomi wa Kiislamu waliligusa swali hili la sababu mapema kuliko Mill. Al-Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa cha karne ya 11, alisema kwamba jicho linaona pamba ikiungua inapokutana na moto, lakini haliwezi kushuhudia kwamba moto ndio ulioiunguza. Kinachoonekana ni mambo mawili kuandamana, na mwenye kutenda ni Mungu. Ibn Rushd alimjibu katika karne ya 12 kwamba anayekanusha sababu za vitu anaikanusha akili yenyewe, kwa kuwa kazi ya akili ni kuzijua sababu hizo. Katika kazi ya ufundi, Ibn Rushd yuko karibu zaidi na ukweli: bila imani kwamba chuma kilicholegea kina athari yake, hakuna haja ya kuingia chini ya gari. Hata hivyo onyo la al-Ghazali halipotezi thamani. Dampa mpya na utulivu viliandamana. Kuandamana huko peke yake hakuthibitishi kwamba dampa ya zamani ndiyo iliyokuwa chanzo.

Hapa hoja inagusa maisha ya watu. Dampa mpya inaweza kuuficha ulegevu wa tairodi bila kuupunguza hata kidogo. Mtetemo ulikuwa dalili, na kuinyamazisha dalili huku chanzo kikiendelea kulika ni kumwondolea dereva onyo pekee alilokuwa nalo. Ncha ya tairodi ikichomoka kwenye kikombe chake, gurudumu moja haliusikii tena usukani, na mwendo wa pikapu yenye mzigo hauna huruma wakati huo. Anayeuza utulivu bila kutafuta chanzo amefanya kosa la kimaadili, hata kama alifunga nati zake vizuri na bei yake ilikuwa ya haki.

Kwa hiyo mwenye pikapu akiambiwa ni dampa, aombe kwanza gari liinuliwe. Asimame pembeni, asikilize mlio tairi linaposukumwa, kisha yeye mwenyewe aingie ndani na kuikanyaga breki.